Barua Tatu Nilizopiga Chapa Asubuhi Moja

Suneka, Jumamosi alasiri

Mwanangu Kerubo,

Goti haliniumi. Nilisema linaniuma ili uende kwaya ya mchana na baba yako, nibaki na nyumba peke yangu nikuandikie. Kesho saa nne unapanda gari kwenda kazini, kazi yako ya kwanza yenye barua na meza, na nina jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo tangu ulipopigiwa simu ya kuitwa.

Habari za blanketi na jiko na nyumba ya kupanga, shangazi yako amekufundisha wiki nzima na sioni alichobakisha. Mimi sitazigusa. Naandika kwa Kiswahili ingawa mimi na wewe hatuongei Kiswahili jikoni. Kwa Ekegusii najijua. Nitaanza kujitetea, nitakuita jina la mama yangu, na wewe utanihurumia kabla hujasikia. Kiswahili hunifanya niende polepole. Na hata siku ile niliyosimama mahakamani Kisii, ambayo hukuwahi kuambiwa, niliongea Kiswahili.

Jumatatu iliyopita nilikwenda Nyakoe. Nilikuambia naenda kutafuta ndizi. Nilikwenda kumwona Moraa, yule fundi aliyekushonea gauni la kuhitimu. Alikuwa anakata kitambaa mezani, nikamwambia Kerubo amepata kazi.

"Kazi gani?"

"Ofisi ya wafanyakazi, kiwanda cha nguo huko Athi River. Wao wanaita HR."

Akamaliza kukata, akaweka makasi chini.

"Anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie kabla hajakalia hicho kiti."

Hakuongeza neno, nami sikumuuliza kwa nini. Nilirudi nyumbani na ndizi.

Wewe unamjua Moraa kama fundi. Mimi nilimjua akiwa na miaka ishirini na mbili, anapakia mikate kwenye ile bekari iliyokuwa hapa barabarani, ambayo siku hizi ni ghala la mbao. Ulikuwa darasa la pili. Unaikumbuka kwa sababu ya mkate wa moto niliokuwa nakuletea kila Ijumaa. Mimi nilikuwa sekretari. Kompyuta ilikuwa moja, nami nilikuwa mtu mmoja wa kuitumia. Barua ya kuandikwa kazi, barua ya likizo, barua ya kufutwa, zote zilipita mikononi mwangu. Mwenye bekari aliishi Kisumu na alikuja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote meneja ndiye aliyekuwa kila kitu.

Nianze na meneja huyo na mimi. Mwaka wangu wa kwanza alikuwa na tabia ya kupita nyuma ya kiti changu na kuniwekea mkono begani. Halafu mkono ukaanza kushuka. Siku moja watu walipotoka kwenda chakula alifunga mlango wa ofisi na kusimama akiuegemea, anatabasamu. Nilimwambia mume wangu yuko getini ananingoja. Baba yako siku hiyo alikuwa Keroka anajenga. Meneja akafungua mlango, na baada ya hapo akaniacha. Hakuniacha kwa heshima. Alikuwa amepata mwingine wa kusumbua.

Sikumwambia mtu, hata baba yako. Na hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Nilijipa sifa kwa kunyamaza kule. Nilijiona mwanamke mzima, anayejua kuishi na watu, anayeweza kumeza kitu na kuendelea na kazi. Kila msichana mpya alipokuja pale nilimtazama nikijiuliza kama ataweza kumeza kama mimi.

Moraa hakuweza. Au niseme hakutaka.

Alikuwa na mikono myepesi kuliko wote kwenye meza ya kupakia. Alikuwa Msabato kama sisi, na siku alipoandikwa kazi alikubaliana na meneja kwamba Jumamosi atakuwa kanisani na atafanya Jumapili badala yake. Nililiandika hilo mimi mwenyewe kwenye faili yake. Shuleni alikuwa ameishia kidato cha pili. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, Kiingereza alikipata neno moja moja.

Asubuhi moja aliingia ofisini kwangu na karatasi mbili za daftari zilizokunjwa. Ilikuwa barua kwa mwenye bekari, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Akasema, "Mama Kerubo, nisaidie hii ifike kwa mwenyewe. Akija hapa meneja habanduki pembeni yake, na mimi simu yake sina."

"Ni mambo gani?"

"Isome tu."

Nikaisoma alipotoka. Aliandika kwamba meneja alimwita stoo ya unga mara tatu. Mara ya kwanza alimwambia atamfanya msimamizi wa shifti akiwa mtu mzuri. Mara ya pili alimshika mkono, akaukaza mpaka alama ikabaki. Mara ya tatu Moraa alikataa kuingia stoo, na tangu siku hiyo akatolewa meza ya kupakia na kupelekwa kuosha trei. Mwishoni aliandika, "Naomba nifanye kazi yangu tu." Maneno hayo bado nayajua yalivyokaa kwenye mstari.

Nitakuambia nilichohisi, ingawa ningependa kukuambia kingine. Nilikasirika, na si kwa meneja. Nilimkasirikia Moraa. Nilifikiri, mimi nilipitia hayo na sikuandika barua, wewe ni nani?

Barua ikakaa kwenye droo yangu siku mbili. Siku ya tatu nikampa meneja.

Nimejipa sababu nyingi miaka hii yote. Nilijiambia akiiona ataogopa na kuacha, na mambo yataisha bila kelele. Ukweli ni kwamba kulikuwa na maneno kwamba analeta sekretari mwingine, kijana, wa chuo, na nilitaka ajue mimi ni mtu wake. Ni hilo tu. Hakuwa amenitisha wala kuniuliza. Nilitembea mwenyewe hatua tano kutoka meza yangu mpaka meza yake.

Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Asante, Nyaboke. Wewe una akili." Nilirudi kwenye kiti changu na nilikuwa nimefurahi. Naliandika hilo pia.

Baada ya siku chache, Ijumaa asubuhi, aliniita akaniambia niandike barua tatu za onyo kwa Moraa. Moja ya kuchelewa, moja ya kulala kazini, moja ya kumkosea heshima mkubwa wake. "Tarehe weka wewe," akasema, "ziachane achane." Nikatazama kalenda ya ukutani nikachagua tarehe kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Chini ya kila barua niliandika kwamba mfanyakazi alikataa kuipokea, nikatia sahihi yangu kama shahidi. Halafu nikaandika barua ya nne, ya kumfuta kazi. Zote zilitoka kwenye printa kabla ya chai ya saa nne.

Mchana Moraa akaitwa. Aliingia na aproni yenye maji ya trei. Hakupewa kiti. Nilimpa barua ya kufutwa, akaitazama, ilikuwa ya Kiingereza.

"Inasema nini?"

Meneja akaniambia, "Mweleze."

"Inasema kazi imeisha leo."

"Kwa kosa gani?"

"Kuchelewa. Kulala kazini. Kukosa heshima. Umeonywa mara tatu."

"Nililala lini?"

Meneja alikuwa anatazama simu yake. Moraa akageuka, akanitazama mimi peke yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Kerubo, barua yangu ulimpa nani?"

Nikamwambia, "Weka sahihi hapa."

Kati ya yote niliyofanya, hayo maneno ndiyo yaliyobaki. Hakuweka sahihi. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza yangu, akatoka. Na kwa sababu ilikuwa Ijumaa nilibeba mkate wa moto nikauleta nyumbani, na wewe ukaula ukinisimulia mambo ya mwalimu wenu.

Nilidhani yameishia hapo. Msichana wa kidato cha pili, nilifikiri, ataenda wapi? Alienda Kisii kwa ofisi ya leba, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, na ile barua ya Kiingereza mkononi, akamwomba karani wa pale amsomee. Afisa wa kazi akaiita bekari. Meneja hakwenda. Akaita tena, meneja akatuma zile barua tatu. Mambo yakafika mahakamani, na Moraa akapata wakili, mwanamke kijana wa Kisii mjini. Mimi nikaandikwa kama shahidi wa bekari, kwa sababu sahihi za shahidi zilikuwa zangu.

Wakati huo ndipo nilipoisoma sheria ya ajira kwa mara ya kwanza. Nakala yake ilikuwa kwenye kabati la ofisi, chini ya kalenda za zamani. Miaka sita nimefuta watu kazi na sijawahi kuifungua. Nikasoma kwamba mtu akishtakiwa kwa kosa kazini lazima aelezwe kosa lenyewe kwa lugha anayoielewa. Awepo mwenzake atakayemchagua mwenyewe. Asikilizwe kabla uamuzi haujafanywa. Nikasoma kwamba mtu hafutwi kwa sababu ya mimba, nikawakumbuka wasichana wawili ambao barua zao niliziandika mimi, mmoja tumbo likiwa bado halijaonekana vizuri, alikuwa ameniambia kwa siri. Nikasoma yaliyoandikwa juu ya mkubwa anayemtaka mtu wa chini yake kwa nguvu ya cheo. Sheria ilikuwa na maneno ya kawaida, mengi ningeweza kumwelezea mtu yeyote pale kwenye meza ya kupakia kwa robo saa. Kumbe kile nilichokiita kuvumilia, kitabu kilikipa jina lingine.

Usiku mwingi sikulala lakini hayo hayakusaidii. Aliyenisaidia ni baba yako. Jioni moja tukikama ng'ombe nilimwambia yote, kuanzia mlango uliofungwa mwaka wangu wa kwanza. Aliendelea kukama. Nikamwambia, "Nikisema ukweli nitafutwa. Kerubo yuko shule. Kazi yako ya ujenzi leo ipo, kesho haipo. Niambie nifanye nini."

Nilitaka aniambie nidanganye. Nilikuwa nangojea neno hilo ili nilibebe kwenda nalo Kisii, na siku zote niseme mume wangu ndiye aliyetaka.

Akasema, "Mimi sitakuambia useme nini. Lakini usiende kule ukanifanya mimi ndiye sababu. Wala mtoto."

Akachukua ndoo ya maziwa akaenda. Nilimkasirikia kwa wiki nzima.

Sasa ningetaka kukuambia kwamba niliingia mahakamani nimeamua kusema ukweli. Hapana. Niliingia nimeamua kudanganya. Niliapa mkono juu ya Biblia, na wakili wa bekari akaniuliza kama Moraa alionywa, nikasema ndiyo, mara tatu. Moraa alikuwa ameketi benchi la mbele, amevaa sweta ya kijani, mikono mapajani. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananisikiliza tu, kama watu wanavyosikiliza habari za redio.

Kisha yule wakili kijana akasimama na barua ya pili mkononi, ile ya kulala kazini.

"Shahidi, wewe ndiye uliyeandika barua hii?"

"Ndiyo."

"Na siku hiyo hiyo ukashuhudia Moraa akikataa kuipokea?"

"Ndiyo."

Akanipa kalenda. "Tusomee tarehe hiyo ilikuwa siku gani."

Nikatafuta kwa kidole. Ilikuwa Jumamosi.

"Moraa alikuwa akifanya kazi Jumamosi?"

"Hapana."

"Na wewe, mama, Jumamosi unakuwa wapi?"

Hakimu akainua kichwa. Kule nyuma kulikuwa na watu wawili wa kanisa letu waliokuja kwa kesi yao ya shamba, nao walikuwa wananitazama.

Watu wa Suneka baadaye walisema niliiweka tarehe ile makusudi ili kumwokoa Moraa. Wengine bado wanasema hivyo na wananisifu, wewe ukiwa hupo. Sikuiweka makusudi. Niliichagua ovyo, kwa haraka ya kumaliza. Na hata pale kizimbani bado mlango wa kutokea ulikuwepo. Wakili wa bekari alikuwa ameshaanza kuinuka, na nilijua angesema ni makosa ya chapa, nami ningesema ndiyo, ni makosa ya chapa, sekretari hukosea. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni mwangu.

Sijui kwa hakika kwa nini hayakutoka. Nimesikia watu wakieleza saa zao kama hizo, nuru ikaingia, sauti ikawaambia. Mimi nilichoka tu. Nilimwona Moraa na ile sweta, nikaona nikisema uongo huu mmoja itabidi nilinde mwingine, na mwingine, na kesho niende kazini kukaa hatua tano kutoka kwa yule mtu. Nikasema, "Niliziandika zote tatu asubuhi ile aliyofutwa. Hakuna aliyemwonya." Halafu nikaeleza barua yake ya daftari, ilisema nini na nilimpa nani. Barua yenyewe haikuwepo. Meneja hakuitunza, na Moraa hakuwa na nakala. Ilikuwa kichwani mwangu tu, nami ndiye niliyeipoteza.

Hakimu aliniambia kwa ukali kwamba kudanganya chini ya kiapo ni kosa ambalo ningeweza kushtakiwa nalo. Nilisema naelewa.

Moraa alishinda. Mahakama ilisema alifutwa kinyume cha sheria, na bekari ikaamriwa kumlipa fidia. Lakini hakurudi kazini, hakutaka kurudi. Meneja hakufungwa wala hakuomba msamaha. Mwenye bekari alimhamishia biashara yake nyingine. Kama ulikuwa unangojea nikuambie kwamba alianguka, sikumwona akianguka. Watu wengine hawaanguki.

Mimi nilifutwa. Tulikuambia wakati ule kwamba bekari ilipunguza watu, nawe ukaenda kuwaambia wenzako shuleni. Haikupunguza watu. Jumatatu baada ya ushahidi wangu mwenye bekari alikuja mwenyewe kutoka Kisumu, akaniwekea karatasi tupu mbele yangu.

"Andika kwamba umeacha kazi kwa hiari yako. Tuachane vizuri."

"Siachi kwa hiari yangu."

"Nyaboke, usinisumbue."

"Kama unanifuta, niandikie kosa langu. Nipe siku ya kuja kujieleza, na nije na mtu."

Alinitazama kama kiti kilichoongea. Lakini alishaona kesi inamshinda, akakubali. Akanipa Alhamisi.

Nilizunguka bekari nzima nikitafuta mtu wa kuketi nami. Wanawake wa meza ya kupakia walikuwa wananikwepa, na walikuwa na haki. Wote walijua barua ya Moraa ilipita wapi. Aliyekubali ni Mzee Ondieki wa tanuri, ambaye katika miaka sita tulikuwa tumesalimiana tu. Alikuja na unga hadi kwenye nyusi, akavuta kiti bila kuambiwa, akaketi karibu yangu. Mwenye bekari akamuuliza anataka nini.

"Nimekuja kusikiliza," akasema.

Hakusema neno lingine saa nzima. Walinifuta hata hivyo, kwa barua yenye sababu na cheti cha miaka niliyofanya kazi. Lakini, Kerubo, mtu akiketi karibu yako mambo yanakuwa mengine. Mwenye bekari alichagua maneno yake. Hakupaza sauti. Aliuliza maswali na kungoja majibu. Mimi mwenyewe nilikaa wima. Na katikati ya yote nikamkumbuka Moraa amesimama kwenye sakafu ile ile na aproni yenye maji, hana mtu, na mimi upande wa pili wa meza nikimwonyesha pa kuweka sahihi. Ilibidi niketi mahali pake ndipo nijue kile kiti ambacho hakupewa kilikuwa kitu gani.

Miaka iliyofuata unaijua. Ndiyo miaka niliyokuwa nyumbani ukitoka shule.

Nilikaa miaka mitatu kabla sijamtafuta Moraa. Nilisikia amefungua duka Nyakoe na cherehani moja. Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno njia nzima, na nilipofika akaniwekea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, huku anatoa nyuzi kwenye sketi ya mtu. Kisha akasema:

"Mama Kerubo, wewe ulisema ukweli ulipoulizwa. Mimi niliusema kabla sijaulizwa, na nikaulipia. Nilishinda kesi, lakini kila nilipoomba kazi huku waliuliza, si wewe ni yule wa kesi? Sikuchukii. Lakini usiniombe nikushukuru."

Sikumwomba. Nilirudi mwezi uliofuata na kitambaa cha kushona, nikarudi tena na tena. Hatujawa marafiki kama watu wanavyofikiri. Ni fundi wangu, nami ni mteja anayejua anachojua. Siku alipokupima gauni la kuhitimu, ulikuwa unacheka, umeinua mikono kama alivyokuambia, naye amepitisha utepe wa kupimia kiunoni mwako, niliogopa atasema. Alisema tu, "Huyu amerefuka kuliko mama yake." Ungekuwa wewe Moraa, ungeweza kuishia hapo?

Kwa hiyo nakuandikia. Wewe umesomea mambo haya chuoni, sheria unaijua vizuri kuliko mimi, na sina haja ya kukufundisha vifungu. Ninachokijua ambacho huenda hawakuwafundisha ni jinsi ubaya wenyewe unavyokuwa kitu kidogo. Mimi nilidhani uovu wa kazini ni mtu kama meneja, mwenye mlango wa kufunga. Sikujua kwamba meneja hawezi kitu bila mtu wa kumchapia barua. Hakuna siku niliyoamka nikiwa nimeamua kumdhuru Moraa. Niliamka, nikakuvisha sare, nikaenda kazini, nikafanya nilichoambiwa kwa herufi safi, bila kosa hata moja la tahajia.

Siku moja mtu ataingia ofisini kwako. Huenda asiongee vizuri. Huenda alie, au awe na kiburi, au awe mtu usiyempenda. Huenda analosema likufanye umkasirikie yeye, na ukihisi hasira hiyo simama, ujiulize imetoka wapi, kwa sababu yangu ilitoka kwenye kitu nilichofanyiwa mimi. Mpe kiti. Isome barua yake akiwepo, igonge muhuri wa kupokelewa, mpe nakala aende nayo. Ni dakika kumi. Maisha ya Moraa yangekuwa mengine kwa dakika kumi na karatasi moja ya kunakili.

Na kama mtu ni wewe, kama mkono ukikuangukia begani wewe, usinipigie simu kuniambia unavumilia. Sitakusifu. Nipigie uniambie ulichoandika, siku gani, saa ngapi, nani alikuwa karibu. Na usiweke sahihi kwenye kitu chochote siku hiyo hiyo. Sema unaenda kukisoma nyumbani. Ukifutwa, nyumbani ni hapa, na baba yako bado ana ng'ombe.

Sikuombi unihukumu kwa upole. Wala sijui kama utanitazama kesho kama ulivyonitazama leo asubuhi ukinifunga kitambaa cha kanisani. Hilo ndilo lililonifanya nikae miaka yote hii bila kusema. Nilipenda sana jinsi ulivyokuwa ukinitazama.

Nilikuwa nimefikiri niifiche barua hii chini ya nguo zako uikute ukishafika, ili nisiwepo unapoisoma. Nimebadilisha mawazo. Nitakupa mkononi kesho ukimaliza chai. Isome hapa mezani, na mimi nitakuwa nimeketi mbele yako. Ukitaka kuuliza, uliza lolote, kwa lugha yoyote. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, sitaondoka. Mpaka saa nne tuna muda.

Mama yako,
Nyaboke